Wangari Maathai: Aliyegeuza shida ya kuni kuwa kazi ya wanawake

Kwa mama wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, kuni si jambo dogo. Ni safari ndefu, mzigo kichwani, na muda ambao angeutumia shambani. Shida kama hiyo ndiyo iliyomsukuma mwanamke mmoja wa nchi jirani ya Kenya kuanzisha kazi iliyokuja kujulikana duniani kote.

Wangari Maathai alizaliwa Aprili 1, 1940, katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alisomea baiolojia Marekani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu.

Katikati ya miaka ya 1970, kupitia Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alisikia kilio cha wanawake wa vijijini: hawana kuni, maji safi wala kipato. Misitu ilikuwa imekatwa kupisha mashamba ya biashara. Kuni zilipoadimika, akina mama walianza kupika vyakula vinavyoiva haraka, na watoto wakakosa lishe bora.

Kitalu chake cha kwanza kilishindwa, miche ikafa. Hakukata tamaa. Juni 5, 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba jijini Nairobi. Huo ukawa mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Vikundi vya wanawake vilikusanya mbegu za miti ya kwao na kuotesha miche, hata kwenye vyungu vilivyovunjika. Malipo yalikuwa madogo, tena kwa mche uliopandwa na kustawi tu. Baadhi ya maofisa misitu hawakuamini kwamba wanawake wasio na vyeti wangeiweza kazi hiyo. Hadi mwaka 2004, walikuwa wamepanda miti zaidi ya milioni 30.

Wangari alilipa gharama kubwa. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jengo refu katika bustani ya Uhuru, akatukanwa hadharani. Mwaka 1999 alipigwa na kujeruhiwa akitetea msitu wa Karura. Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa mbunge wa Tetu, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Alifariki dunia kwa saratani Septemba 25, 2011. Kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Leo Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Majiko yatahitaji watengenezaji, gesi itahitaji wauzaji, na umeme wa jua utahitaji mafundi. Maisha ya Wangari yanatukumbusha kuuliza mapema: je, mama aliyebeba kuni miaka yote atakuwa mnunuzi tu, au naye atapata ajira?