Askofu Steere na Chuo cha Kiungani

Wengi wetu tumekwisha kuingia Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, tukapita karibu na altare bila kumkumbuka aliyezikwa nyuma yake. Huyo ni Askofu Edward Steere. Jengo lile lasifiwa sana, lakini leo twataka kumkumbuka kwa ajili ya chuo kidogo cha Kiungani.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akawa padre wa kijiji katika Lincolnshire. Rafiki yake Tozer alipofanywa Askofu wa Misheni ya UMCA, Steere alifuatana naye kuja Afrika. Walijaribu kwanza upande wa mto Zambezi, ndipo wakafika Unguja mwaka 1864. Huko Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio mwanzo wa shule, ambayo baadaye ilikaa Kiungani, nje kidogo ya mji, ikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea.

Fikirini darasa lile. Watoto walitoka makabila mbalimbali ya bara, wametengwa na wazazi wao, kila mmoja na lugha yake. Mwalimu naye alikuwa mgeni wa Kiswahili. Steere alikubali kuwa mwanafunzi kwanza. Aliketi na watu wa Unguja, akawasikiliza, akaandika kanuni za lugha yao na hadithi zao. Vitabu hivyo viwili vilitoka mwaka 1870. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na wavulana walifundishwa kazi hiyo.

Mwaka 1874 alifanywa Askofu. Alisimamia ujenzi wa Kanisa Kuu mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, tena alitafsiri Agano Jipya. Lakini sisi walimu twafurahia zaidi habari za John Swedi, mmoja wa wale watano, aliyepewa ushemasi mwaka 1879. Mtoto aliyekuwa bidhaa jahazini akasimama altareni kuwahudumia watu wa Mungu.

Askofu alifariki mwezi wa Agosti 1882, akiwa na miaka 54. Chuo kilihamia Minaki mwaka 1925, kikaendelea kutoa walimu.

Sisi tulioshika chaki miaka mingi twakiri kosa letu. Mara ngapi tulimwita mtoto mjinga, kumbe alikuwa hajaelewa maneno yetu, wala sisi hatukujaribu kuyaelewa ya kwao? Wengine waliacha shule, na hatuwezi kuwarudisha.

Basi ninyi mnaofundisha Shule ya Jumapili na darasa la Kipaimara, akija mtoto mgeni, akanyamaza, msiharakishe kumhukumu. Kaeni naye, mwulizeni habari za kwao, msikilizeni. Ndipo mfungue kitabu.