Padri Damien na Barua za Nyumbani

Jozef De Veuster alizaliwa Tremelo, katika Ubelgiji, mwaka 1840. Alipoingia utawa aliitwa Damien. Kaka yake Pamphile, mtawa wa shirika lilo hilo, alipaswa kwenda visiwa vya Hawaii, lakini aliugua. Damien akaomba kushika nafasi yake. Mwaka 1863 aliagana na mamaye, wala hakumwona tena.

Mwaka 1873 alijitolea kwenda Molokai, mahali walipotengwa wakoma. Serikali ikamkataza kutoka. Siku moja mkubwa wake alifika kwa merikebu, asiruhusiwe kushuka. Damien akamwendea kwa mashua, akaungama dhambi zake kwa sauti kuu, watu wakisikia.

Basi kamba iliyomfunga na kwao ilikuwa barua. Aliwaandikia jamaa zake habari za wakoma, za makanisa aliyojenga na za makaburi aliyochimba. Naye alipokwisha kushikwa na ukoma, magazeti yalieneza habari hiyo hata Ubelgiji. Mamaye, mzee wa miaka zaidi ya 80, akapata habari. Akafa mwaka 1886. Damien aliomboleza mbali na kaburi lake, akaendelea kuwafunga wakoma vidonda hata alipofariki tarehe 15 Aprili 1889.

Mwaka 1936 mwili wake ulirudishwa Ubelgiji. Mwaka 1995 mkono wake wa kuume ukapelekwa Molokai. Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu.

Enyi wakatekumeni, anayewaacha wazazi kwa ajili ya Mungu haachi kuwapenda.