Honus Wagner: Mechi 8 Zilizompa Jina la Mwoga

Kila fainali ya mpira ikimalizika, hukumu huanza. Nyota anayelipwa fedha nyingi kuliko wenzake akikosa penalti, jioni ile ile vijiwe vya kahawa na vituo vya bodaboda hujaa waamuzi. Wapo wanaosema fedha zimemharibu, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wapo wanaosema ni mwoga wa mechi kubwa, hodari wa kuzifunga timu ndogo tu.

Swali hili si geni, wala si la soka peke yake. Leo tunamfuata mtu aliyetwishwa mzigo huo zaidi ya miaka 100 iliyopita huko Marekani, katika mchezo wa besiboli. Jina lake ni Honus Wagner.

Mtoto wa mchimba makaa

Wagner alizaliwa Februari 24, 1874, karibu na jiji la Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, na jina lake kamili ni Johannes. Baba yake alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe. Honus mwenyewe aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akaingia machimboni pamoja na baba na kaka zake. Baadaye alijifunza kazi ya kunyoa nywele, lakini mchezo ulimvuta zaidi.

Mashabiki walimpa jina la Mdachi Arukaye. Hapa msikilizaji wetu atatabasamu, kwa sababu wazee wetu nao waliwaita Wajerumani Wadachi. Sisi na Wamarekani tulilitoa jina hilo mahali pamoja, katika neno ambalo Wajerumani hulitumia kujiita wenyewe.

Kumtazama, hakuonekana mwanamichezo. Alikuwa mnene wa kifua, mwenye matege, mikono mirefu na viganja vikubwa mno. Wenzake walisimulia kwamba akiokota mpira chini aliuzoa pamoja na udongo na kokoto, akavirusha vyote kwa pamoja. Lakini alikuwa na mbio zisizolingana na umbo lake, na akishika gongo, warushaji walikuwa na kazi.

Mchezo wenyewe ukoje

Kwa wasioufahamu, besiboli huchezwa na timu mbili za watu 9 kila upande, zikipokezana kupiga na kulinda. Mrushaji wa timu moja hurusha mpira mdogo mgumu kwa kasi kubwa, na mpigaji wa timu ya pili hujaribu kuupiga kwa gongo la mbao. Akiupiga vizuri, hukimbia kuzunguka vituo vilivyowekwa uwanjani. Akifanikiwa kurudi alipoanzia bila kutolewa, timu yake inapata alama.

Jambo moja tulikumbuke. Kuupiga mpira ule ni kazi ngumu kiasi kwamba mpigaji anayefanikiwa mara 3 kati ya 10 huhesabiwa kuwa hodari. Kwa hiyo hata bingwa hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Hesabu hii ndiyo itakayotusaidia kumwelewa Wagner.

Oktoba 1903

Wagner aliingia ligi kubwa mwaka 1897 akiwa na timu ya Louisville. Mwaka 1900 alihamia Pittsburgh Pirates, karibu na nyumbani kwao, na hapo alikaa hadi alipoacha kucheza mwaka 1917. Katika msimu wake wa kwanza Pittsburgh alikuwa bingwa wa kupiga katika ligi yake, na mwaka 1903 akalitwaa taji hilo tena. Mwaka huo alifanikiwa zaidi ya mara 35 katika kila 100.

Mwaka huo huo wa 1903 ndipo mabingwa wa ligi mbili kubwa za Marekani walipokubaliana kukutana katika fainali ambazo leo zinajulikana kama World Series. Pittsburgh walikutana na Boston. Timu ya kwanza kushinda mechi 5 ingekuwa bingwa.

Pittsburgh walianza vizuri. Baada ya mechi 4 walikuwa wanaongoza kwa ushindi wa mechi 3 dhidi ya 1. Kisha mambo yakageuka. Boston walishinda mechi 4 mfululizo na kulichukua taji.

Katika fainali hizo Wagner alifanikiwa kupiga mara 6 tu kati ya 27. Upande wa ulinzi, ambako alicheza katikati ya kituo cha pili na cha tatu, alifanya makosa 6. Mashabiki wa Boston walichukua wimbo uliopendwa wakati ule, wakaubadilisha maneno ili kumkejeli, wakawa wanamwimbia kila anaposhika gongo. Mechi ya mwisho ilichezwa Boston Oktoba 13. Mtu wa mwisho kutolewa, aliyeukosa mpira huku Boston wakianza kushangilia, alikuwa Wagner mwenyewe.

Baada ya hapo likaja neno mwoga. Liliandikwa magazetini na kurudiwa mitaani. Yeye mwenyewe aliumia. Mwaka uliofuata, alipoombwa picha yake iwekwe miongoni mwa picha za mabingwa wa kupiga, alikataa kwa kuona aibu ya jinsi alivyocheza katika fainali zile.

Waliomhukumu hawakutazama mengine. Wagner alicheza huku mguu unamuuma. Warushaji wawili muhimu wa Pittsburgh hawakuwa wa kutegemewa, kwani mmoja aliumia bega na mwingine aliugua hata akaondoka kikosini. Mrushaji aliyebaki, Deacon Phillippe, alilazimika kurusha mechi 5 nzima kati ya 8. Timu ilikuwa imechoka. Lakini kwa kawaida lawama haigawanywi kwa mizani. Humwangukia yule ambaye jina lake ni kubwa.

Dola 10,000

Miaka ikapita. Wagner aliendelea kuwa bingwa wa kupiga mwaka 1904, 1906 na 1907, lakini Pittsburgh hawakurudi fainali. Hapakuwa na mahali pa kulijibu lile neno.

Mwanzoni mwa 1908 alitangaza kwamba amechoka na anaacha mchezo. Mwenye timu, Barney Dreyfuss, hakuwa tayari kumkosa. Mshahara wa Wagner ukapanda maradufu, kutoka dola 5,000 hadi dola 10,000 kwa mwaka. Kwa wakati ule zilikuwa fedha nyingi mno kwa mchezaji, na mchimba makaa kama baba yake asingezipata hata kwa kazi ya miaka mingi.

Sasa mzigo ukawa mara mbili. Alikuwa na deni la 1903, na alikuwa mtu anayelipwa kuliko wenzake. Umri nao ulikuwa unakwenda.

Mwaka 1909 Pittsburgh walishinda mechi 110 katika msimu na kurudi fainali. Wagner alikuwa na miaka 35. Wapinzani wao walikuwa Detroit Tigers, na nyota wa Detroit alikuwa Ty Cobb, kijana wa miaka 22, mkali, mwenye mbio, bingwa wa kupiga katika ligi yake. Nchi nzima ilisubiri kuona mzee na kijana wakipambana.

Fainali zilikwenda hadi mechi ya saba. Wagner alipiga mara 8 kati ya 24, ambayo ni theluthi moja kamili. Aliiba vituo 6, yaani alikimbia kutoka kituo kimoja kwenda kingine kabla walinzi hawajawahi kumkamata, na vitatu kati ya hivyo aliviiba katika mechi moja. Cobb alipiga mara 6 kati ya 26. Oktoba 16, 1909, Pittsburgh walishinda mechi ya mwisho kwa alama 8 kwa 0, tena huko huko Detroit.

Na hata ushindi huo haukuwa wa Wagner peke yake. Mrushaji kijana, Babe Adams, ndiye aliyeshinda mechi 3 kati ya zile 4, ikiwemo ya mwisho. Mwaka 1903 timu ilichoka na Wagner akaonekana mwoga. Mwaka 1909 timu ilikuwa imara na Wagner akaonekana shujaa.

Tuipige hesabu

Turudi kwenye swali letu: je, fedha na presha ya fainali humvunja nyota?

Kwa Wagner, alipokuwa analipwa kidogo zaidi alishindwa, na alipolipwa maradufu alifaulu. Kwa hiyo mshahara hauwezi kuwa ndio sababu. Presha nayo ilikuwepo mara zote mbili, na mwaka 1909 huenda ilikuwa kubwa zaidi.

Tutazame idadi. Katika maisha yake Wagner alicheza karibu mechi 2,800 za ligi. Za fainali alicheza 15 tu. Katika hizo 15 alipiga mara 14 kati ya 51, chini kidogo ya kiwango chake cha kawaida. Mkulima hawezi kupimwa kwa msimu mmoja ambao mvua ilikatika mapema. Mpigaji naye, ambaye hata akiwa katika ubora wake hukosa mara 6 au 7 kati ya 10, anaweza kukosa mfululizo kwa wiki mbili bila ya moyo wake kuwa na kasoro yoyote. Tatizo ni kwamba wiki hizo mbili zikiangukia Oktoba, kila mtu anatazama.

Tusiseme presha haipo. Ipo, na Wagner aliibeba kwa miaka 6. Lakini mechi 8 hazitoshi kumpa mtu jina la maisha.

Hukumu ya mwisho

Mwaka 1936 Wamarekani walipiga kura ya kwanza kuchagua wachezaji wa kuenziwa katika jumba la heshima la besiboli. Walichaguliwa watu 5. Wagner alikuwa mmoja wao, akilingana kwa kura na Babe Ruth. Aliyeongoza kwa kura alikuwa Ty Cobb, ambaye alicheza fainali za 1907, 1908 na 1909, akashindwa zote tatu, na hakurudi tena. Wapiga kura walizijua fainali hizo, lakini waliyapima maisha yote ya mchezo.

Wagner alirudi Pittsburgh Pirates mwaka 1933 akiwa mmoja wa makocha, akawafundisha vijana kwa miaka mingi. Mwaka 1955 sanamu yake ilizinduliwa mjini Pittsburgh, na mwaka huo huo, Desemba 6, alifariki dunia akiwa na miaka 81. Wahenga wetu walisema kuteleza si kuanguka. Jumapili hii, kijana wa timu ya kijiji akipaisha penalti, tumwachie nafasi ya kupiga nyingine.