Wendell Scott: Dereva aliyegongwa bila ya kujibu

Mashabiki wa mbio za magari za NASCAR nchini Marekani hupenda kuona magari yakisuguana. Mbio hizo hutumia magari yenye umbo la magari ya kawaida ya barabarani, na dereva kumsukuma mwenzake kwa bampa ili apate njia ni sehemu ya mchezo. Aliyegongwa leo hulipiza kisasi siku nyingine, na majukwaani watu hushangilia ama huzomea. Wako waliopata umaarufu kwa ubabe huo. Leo tunamkumbuka dereva aliyegongwa mara nyingi, lakini yeye hakuweza kuthubutu kujibu.

Marehemu Wendell Scott alizaliwa tarehe 29 Agosti 1921 katika mji wa Danville, jimbo la Virginia. Alilitumikia jeshi la Marekani barani Ulaya wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Aliporudi kwao alifungua gereji, na usiku akawa anasafirisha gongo huku akiwakimbia polisi.

Gongo ndiyo iliyomfikisha uwanjani. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka dereva mweusi ili kuvuta watazamaji. Wakaenda kuwauliza polisi ni mtu gani mweusi anayeendesha gari kwa kasi kuliko wote. Polisi hawakuhitaji kufikiri sana, kwani walikuwa wamemfukuza Scott mara nyingi. Siku hiyo alizomewa na baadhi ya watazamaji, na gari lake likaharibika kabla ya kumaliza. Hata hivyo hakuacha. Mwaka 1959 akawa bingwa wa jimbo la Virginia katika daraja lake, na mwaka 1961 akaingia daraja la juu la NASCAR.

Huko ndiko kugongwa kulikokuwa na maana nyingine. Wapo madereva wazungu waliomgonga kwa makusudi ili wamtoe njiani. Madereva wakubwa walikuwa na makampuni ya kuwalipia matengenezo. Scott alikuwa na magari yaliyokwisha tumika, vipuri vya kuokoteza, na wanawe waliomsaidia kama mafundi. Kila bampa iliyopinda ilikuwa hasara ya familia. Tena, mtu mweusi kumgonga mzungu mbele ya umati wa wazungu wa Kusini, katika zama zile za ubaguzi wa rangi, kungeweza kuzusha balaa kubwa. Kwa hiyo alivumilia, akalitunza gari lake ili limalize mbio. Subira hiyo haikuwa woga. Ndiyo iliyomwezesha kurudi tena na tena, hadi baadhi ya wazungu waliokuwa wakimzomea wakaanza kumshangilia.

Tarehe 1 Desemba 1963 alishinda mbio za Jacksonville, jimbo la Florida, kwenye uwanja wa vumbi. Alikuwa amemwacha Buck Baker kwa mizunguko miwili. Lakini aliyetangazwa mshindi ni Baker, akapewa na kombe. Saa kadhaa baadaye, mashabiki wakiwa wamekwisha ondoka, waandaaji walikiri kuwa Scott ndiye aliyeshinda. Mwenyewe aliamini kuwa hawakutaka mtu mweusi aonekane akipigwa busu la pongezi na mrembo wa kizungu, kama ilivyokuwa desturi.

Mwaka 1973 aliumia vibaya katika ajali ya magari mengi huko Talladega, Alabama, na mwaka huo huo akastaafu. Alikuwa ameshiriki mashindano 495 ya daraja la juu, na mara 147 alimaliza miongoni mwa kumi bora. Mwaka 1977 ilitoka filamu juu ya maisha yake, ambayo Richard Pryor aliigiza nafasi yake. Alifariki dunia tarehe 23 Desemba 1990.

Mwaka 2015 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa NASCAR. Kombe la Jacksonville, NASCAR iliikabidhi familia yake mwezi Agosti 2021, karibu miaka 58 baada ya ushindi. Oktoba mwaka huo Bubba Wallace akawa dereva mweusi wa pili kushinda mbio za daraja hilo, tena palepale Talladega.

Kombe limefika nyumbani kwa mwenyewe. Lakini shangwe za siku ile ya Jacksonville zilikwenda kwa mtu mwingine, na hizo hakuna chama kinachoweza kuzirudisha.