Byron Kawadwa, Mtunzi Aliyechukuliwa Kazini

Askari walioko Jinja na Mbale huenda wamepata kulisikia jina la marehemu Byron Kawadwa, ingawa Kiganda alichokitumia katika michezo yake si lugha ya kwao. Lugha hiyo ilifika Mbale pamoja na Semei Kakungulu na wafuasi wake mwanzoni mwa karne ya 20, na Busoga ilitumika tangu zamani makanisani na shuleni. Kwa hiyo waliomwelewa hawakuwa watu wa Kampala peke yao.

Uganda ya wakati wake haikuwa na viwanda vya sinema. Aliyetaka kuwaonyesha watu hadithi alihitaji jukwaa, na Kawadwa alilijua jukwaa kama seremala ajuavyo mbao. Katika miaka ya 1960 aliunda kundi la Kampala City Players. Aliandika, akaongoza waigizaji, akachanganya maneno, nyimbo na ngoma hata asiyejua kusoma akaburudika. Miongoni mwa kazi zake ni Makula ga Kulabako, na ile iliyomletea sifa kuliko zote, Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Bwana Kuku, ambayo muziki wake ni wa Wassanyi Serukenya. Kiini chake ni tamaa ya madaraka. Baadaye Kawadwa alikabidhiwa uongozi wa Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, Kampala.

Serikali iliuteua mchezo huo uiwakilishe nchi katika FESTAC, tamasha kuu la sanaa za Waafrika na watu weusi lililofanyika Lagos, Nigeria, tangu Januari 15 hadi Februari 12, 1977. Huku nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Februari 16 waliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Charles Oboth-Ofumbi na Erinayo Oryema. Huyo Oryema ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Polisi ya Uganda.

Muda si mrefu ikawa zamu ya Kawadwa. Watu wa usalama wa Idi Amin walimchukua pale pale kwenye jumba la michezo, wakamwua. Polisi wa kituo chochote, hata kile kidogo kabisa cha kijijini, ajua kwamba mtu akishikwa huandikwa kitabuni, huambiwa kosa lake, kisha hupelekwa mahakamani. Kawadwa hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Watu wakabaki kunong'ona kwamba aliponzwa na mchezo, ule ule uliopeleka jina la Uganda Lagos.