Robert Mallet: Mhandisi Aliyepima Mwendo wa Tetemeko Mchangani

Ivuna, wilayani Momba, imo katika bonde la Ziwa Rukwa, penye matabaka mazito ya udongo laini uliolimbikwa na maji. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilikumbwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa ya Afrika katika karne ya 20. Mtoto wa huko akiuliza kwa nini ardhi hutikisika, haifai kumnyamazisha. Maisha ya Mallet yatamsaidia mwalimu kumjibu.

Robert Mallet alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 3 Juni 1810. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kusubu chuma, naye akawa mhandisi humo. Mwaka 1846 alitoa makala akieleza kuwa tetemeko ni wimbi lipitalo ardhini. Kueleza hakukumtosha, alitaka kupima.

Mwaka 1849, katika ufuko wa Killiney, alifukia baruti mchangani na kuilipua. Umbali wa takriban nusu maili aliweka chombo chenye zebaki, na uso wake ulipotikisika alijua kuwa wimbi limewasili. Mchangani alipata kiasi cha mita 250 kwa sekunde. Katika mwamba mgumu wa itale, kiasi cha mita 500. Alikuwa ametarajia kasi kubwa zaidi, hata hivyo alitangaza alichokipata. Mwaka 1876 Henry Abbot wa Marekani, kwa mlipuko mkubwa zaidi na vioo vya kukuza zaidi, alipata kasi kubwa kuliko hizo. Chombo cha Mallet hakikuweza kuona mitetemo midogo inayotangulia. Lakini jambo moja limesimama hadi leo: udongo laini hupitisha wimbi polepole kuliko mwamba.

Baada ya tetemeko la kusini mwa Italia la Desemba 1857, Mallet alikwenda kukagua nyufa za kuta, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1862. Miaka ya mwisho alipofuka. Alifariki London tarehe 5 Novemba 1881.

Darasani, weka karai la maji juu ya ardhi ngumu, na mwanafunzi atwange chini kwa mchi hatua tano kutoka hapo. Rudieni jambo hilo kwenye mchanga. Wanafunzi waandike tofauti wanazoziona. Kisha wakokotoe: wimbi la mita 250 kwa sekunde litatumia muda gani kwenda mita 800? Jibu ni sekunde 3.2.

Mwisho waeleze kwamba wimbi likiingia katika udongo laini hupunguza mwendo na kuongeza kimo. Ndiyo sababu nyumba ya bondeni huweza kutikisika kuliko ya mwambani. Matokeo yao yakitofautiana na matarajio yako, yaandikwe ubaoni kama yalivyo, kisha mtafute sababu pamoja.