Padre Damien, Mchungaji wa Waliotengwa

Si vigumu kumpenda mgonjwa aliye mbali. Tunamwombea, tunatia senti chache katika kikapu cha sadaka, kisha tunarudi nyumbani na moyo uliotulia. Lakini mgonjwa yule yule akiketi mlangoni mwetu, tena akiwa na vidonda vinavyonuka, mara tunakumbuka kwamba tuna kazi nyingi. Juma hili tumeona vema kuwasimulia habari za padre mmoja aliyefupisha umbali huo, hata mwisho pasiwe na umbali wowote kati yake na wagonjwa wake.

Jina lake la kuzaliwa ni Jozef De Veuster. Alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, nchini Ubelgiji. Baba yake alikuwa mkulima na mfanya biashara ya nafaka, naye alitumaini kwamba kijana huyu mwenye mabega mapana na mikono yenye nguvu angemrithi katika biashara hiyo. Mungu alikuwa na shauri lingine. Kaka yake, Pamphile, alikuwa amekwisha kuingia Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yezu na Maria katika mji wa Leuven, na mwaka 1859 Jozef akamfuata. Alichagua jina la Damien, yaani la yule mtakatifu wa kale aliyekuwa mganga. Wakubwa wake hawakumwona kuwa mtu wa vitabu, wakamweka awe bruda tu. Kaka yake akamfundisha Kilatini kidogo kidogo, naye akajifunza kwa bidii hata wakubwa wakabadili mawazo, wakamruhusu kusomea upadre.

Mwaka 1863 Pamphile alipangiwa safari ya kwenda kufanya kazi ya utume katika visiwa vya Hawaii. Kabla ya kuondoka akashikwa na homa kali ya taifasi, kwa sababu alikuwa akiwahudumia wagonjwa wa homa hiyo. Basi Damien akaandika barua moja kwa moja kwa mkuu wa shirika huko Paris, akiomba nafasi ya kaka yake. Hakuwa hata padre bado. Alikubaliwa. Baada ya miezi minne na zaidi baharini, alishuka Honolulu tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na tarehe 21 Mei mwaka huo akapewa upadre. Kwa miaka tisa alifanya kazi katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, akipanda milima na kushuka mabonde, akijenga makanisa madogo kwa mikono yake mwenyewe.

Wakati huo ugonjwa wa ukoma ulikuwa umeenea sana visiwani. Wenyeji walikuwa hawana kinga ya maradhi mengi yaliyoletwa na wageni, nao walikufa kwa wingi. Mwaka 1865 serikali ya mfalme Kamehameha V ilitoa sheria kwamba kila aliyepatikana na ukoma atengwe. Pakachaguliwa rasi ya Kalaupapa katika kisiwa cha Molokai. Pande tatu ni bahari, na upande wa nne ni majabali yaliyosimama wima kama ukuta, yenye urefu upatao mita 600. Wagonjwa wa kwanza walipelekwa huko Januari 1866. Mume alitengwa na mkewe, na mama alinyang'anywa mtoto. Katika miaka yote ya sheria hiyo, ambayo haikuondolewa mpaka mwaka 1969, watu wapatao 8,000 walipelekwa huko, na wengi wao hawakurudi tena. Walipewa chakula kidogo na nguo chache. Daktari wa kukaa nao hakuwako. Wenye nguvu waliwanyang'anya wanyonge, pombe ikawa faraja ya wengi, na waliokufa walifukiwa bila jeneza.

Mwezi wa Mei 1873, Askofu Louis Maigret alikutana na mapadre wake katika kisiwa cha Maui. Aliwaeleza kwamba Wakatoliki wa Molokai wanalilia padre, ila hakuthubutu kumwamuru mtu yeyote kwenda mahali kama pale. Mapadre wanne wakajitoa kwenda kwa zamu, na Damien akawa wa kwanza. Tarehe 10 Mei alitua ufukoni pamoja na askofu na wagonjwa hamsini. Alikuwa na umri wa miaka 33. Zamu yake ilikuwa ya muda mfupi, lakini baada ya siku chache tu aliandika kuomba aachwe huko huko. Akaachwa. Hakuwa na nyumba. Siku zile za kwanza alilala nje karibu na kanisa dogo la Mtakatifu Filomena, chini ya mti wa jamii ya mikadi, kama ile ya pwani yetu.

Hapo ndipo tunapoiona imani yake ikifanya kazi. Damien alishika msumeno, nyundo na randa. Mwaka 1874 dhoruba kubwa ilipoangusha vibanda vya wagonjwa, aliomba mbao kwa serikali, akajenga nyumba zilizoinuliwa juu ya ardhi ili upepo na unyevu visiwaue wakazi wake. Alipata mabomba, akaleta maji safi kutoka bondeni hata karibu na milango ya wale ambao miguu yao haikuweza tena kwenda kisimani. Aliosha vidonda na kuvifunga vitambaa. Aliwajengea yatima nyumba, wavulana yao na wasichana yao. Alichonga majeneza kwa mikono yake, akachimba na makaburi, ili pasiwe na mtu wa kufukiwa kama mnyama. Alipoona watu wana nguvu kidogo, aliwatia shambani na katika kazi za ujenzi, kwa maana alijua kwamba mtu anayelishwa tu hukata tamaa upesi kuliko mtu anayefanya kazi.

Lakini tukimwona kuwa fundi na mwuguzi tu, tutakuwa hatujamwelewa. Mzizi wa kazi zake zote ulikuwa altareni. Kila asubuhi alitolea Misa Takatifu. Alianzisha vyama vya sala, na chama cha kuwasindikiza marehemu kaburini kwa heshima. Alipanga zamu za kuabudu Sakramenti Kuu, na wasioweza kutembea waliabudu wakiwa vitandani mwao saa yao ilipofika. Aliunda kundi la waimbaji, na inasimuliwa kwamba palikuwa na wapiga kinanda wawili walioketi pamoja, kwa kuwa mikono yao yote ilikuwa imebaki na vidole kumi tu. Wagonjwa wengine waliona haya kuingia kanisani kwa sababu ya mate yaliyowatoka bila kuzuilika. Padre alitoboa matundu katika sakafu ya mbao, kila mmoja apate mahali pa kutemea, asikose Misa kwa ajili ya aibu. Matundu yale yamo katika sakafu hiyo. Tukiulizwa ibada na mapendo hukutana wapi, tunaweza kujibu kwamba hukutana hapo, katika tundu lililotobolewa sakafuni ili maskini aweze kusali.

Mapendo yake hayakushikwa kwa ncha za vidole. Alikula magimbi yaliyopondwa kutoka chungu kimoja na wagonjwa, alivuta nao kiko kimoja, aliwagusa walipohitaji kuguswa. Tangu mwaka wa kwanza, akiwa bado mzima kabisa, aliposimama kuhubiri hakuwaita wao wakoma; alijihesabu pamoja nao, akasema sisi. Waganga wa siku hizi wangemlaumu kwa kutojikinga, na yamkini wana haki. Lakini watu wale walikuwa wamekwisha kukimbiwa na kila mtu, nao walihitaji kuona kwamba yupo mmoja asiyewakimbia.

Msidhani kwamba njia yake ilikuwa ya maua. Alikuwa mtu wa hasira za haraka na kichwa kigumu, na wakubwa wake walichoka naye mara kwa mara. Alipotuma barua Ulaya na watu wa huko, Waanglikana kwa Wakatoliki, walipotuma fedha kwa ajili ya wagonjwa, wakubwa wengine walimshutumu kwamba anatafuta sifa. Shutuma hizo zilimchoma kuliko ugonjwa. Tena alikaa muda mrefu bila padre mwenziwe wa kumwungamisha. Siku moja mwaka 1873 mkuu wake alifika kwa meli, lakini nahodha hakumruhusu kushuka, na Damien hakuruhusiwa kupanda. Basi akasimama katika mashua chini ya ubavu wa meli, akapaza sauti na kuungama dhambi zake kwa Kifaransa mbele ya masikio ya watu wote. Nasi tunaacha kuungama kwa sababu ya mstari mrefu, au kwa kuwa padre anatufahamu!

Mwezi wa Desemba 1884 alitia mguu wake katika maji ya moto sana. Ngozi iliungua, naye hakusikia maumivu. Akajua kwamba ukoma umemwingia. Mwaka ule ule alioingia Molokai, daktari Armauer Hansen wa Norway alikuwa amegundua kijidudu cha ukoma, lakini dawa ya kufaa haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Damien aliendelea na kazi yake, tena kwa haraka zaidi, kama mtu anayeona jua linakuchwa kabla hajamaliza palizi. Mungu akamletea wasaidizi. Mwaka 1886 alifika Mmarekani Joseph Dutton, aliyekuwa askari zamani, akakaa na wagonjwa miaka zaidi ya arobaini. Mwaka 1888 alifika Padre Louis Conrardy, na mwezi wa Novemba mwaka huo Mama Marianne Cope pamoja na masista wake Wafransisko. Damien alipoona kwamba yatima wake wamepata mama, alijua kwamba aweza kwenda. Alifariki tarehe 15 Aprili 1889, siku ya Jumatatu ya Juma Takatifu, mwenye umri wa miaka 49. Walimzika chini ya ule mkadi aliolala siku zake za kwanza.

Hata kaburini hakuachwa. Mchungaji mmoja wa Honolulu, Charles Hyde, aliandika barua ya kumchafua, akimwita mchafu, mkaidi, hata mwasherati. Aliyemjibu hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Robert Louis Stevenson, mwandishi mashuhuri na Mprotestanti wa Scotland, aliyekaa Molokai siku nane muda mfupi baada ya kifo cha Padre na kuwahoji waliomjua, pamoja na wale wasiompenda. Mwaka 1890 Stevenson alichapisha barua ya wazi, akikubali makosa madogo ya Damien na kuonyesha kwamba yeye alikwenda kule ambako wenye kumhukumu hawakwenda. Mwaka 1936 mwili wake ulirudishwa Ubelgiji. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1995, na mwaka huo mkono wake wa kuume ulirudishwa Molokai kwa watu wake. Tarehe 11 Oktoba 2009 Papa Benedikto XVI alimwandika katika hesabu ya watakatifu. Mama Marianne alifuata mwaka 2012.

Wasomaji wapenzi, siku hizi ukoma unatibika kwa vidonge, navyo hutolewa bure. Hata hivyo tunajua kwamba katika vijiji vyetu wako waliopona ambao bado hawakaribishwi mezani, na wako wagonjwa wa maradhi mengine wanaofichwa katika vyumba vya nyuma ili wageni wasiwaone. Molokai haiko mbali. Yaweza kuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Hatuombwi sote kuvuka bahari. Twaweza kuanza Jumapili hii. Baada ya Misa, baba, mama na watoto waende pamoja kwa mgonjwa mmoja wa jirani. Wachote maji, wafagie ua, wakae kitako na kula naye, wasali naye fumbo moja la Rozari kabla ya kuaga. Tena juma lifuatalo warudi, maana kwenda mara moja ni kutembelea, na kurudi ndiko kupenda. Padre Damien alipewa zamu ya muda mfupi. Akakaa miaka kumi na sita.